Bolti ya Mama Mkwe

Katika Kikula nzima, mtaa wa mji wa Likasi, watu wawili tu walimwita Casimir kwa jina lake: padri, na mkewe siku ya ugomvi. Wengine wote walimwita Dantiste, daktari wa meno, na jina hilo alilianzisha yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuwa mtu wa kungoja kusifiwa. Kazi yake ilikuwa kung'oa bolti zilizokatikia ndani ya mashine. Bolti ikikatika, kichwa hubaki mkononi mwa mjinga aliyeilazimisha, na kiwiliwili hubaki ndani ya chuma, kimetulia, hakina pa kushikwa. Hapo ndipo Casimir alipoitwa. Alikuja na sanduku lake la mbao, akainama, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa kwa huruma ya uongo, kisha akamwambia mwenye mashine, "Pole. Jino hii iko na mizizi mpaka Mwadingusha."

Maneno yalikuwa mengi, lakini kazi aliijua. Alimwaga mafuta ya taa kuzunguka kisiki cha bolti akakiacha kinywe taratibu. Alikigonga katikati kwa ncha ngumu, akatoboa tundu dogo kwa keekee ya kuzungushwa kwa mkono, akapigilia humo kipande cha chuma chenye pembe nne, halafu akakizungusha kinyume, polepole, huku akikisemesha kama anayembembeleza mbuzi atoke shambani kwa jirani. Meno ya tundu yakiwa yamelika, aliyachonga upya kwa taraud, kile chuma kigumu chenye meno kama bolti na mifereji mitatu ubavuni ya kupitishia unga wa chuma. Kazi hiyo alijifunza katika karakana ya kampuni ya shaba, zamani mishahara ilipokuwa ikija.

Miaka ile ya tisini mishahara haikuja. King'ora cha asubuhi bado kililia, kwa mazoea tu, na wanaume wengine bado walivaa viatu vya kazi wakaenda kukaa karakanani kuangaliana. Mashine zenyewe zilikuwa zikihamia Zambia vipande vipande kwenye baiskeli. Zilizobaki mjini zilifungwa kwa bolti za kuokoteza, na bolti za kuokoteza hazina heshima: zinakatika siku unayozihitaji. Kwa hiyo Casimir hakulala njaa mara nyingi kama jirani zake. "Inchi yetu ikivunjika muzuri," aliwaambia, "fundi anakula." Walicheka, kisha wakarudi nyumbani kwao wakiwa wamekasirika kidogo.

Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Mdomo wake haukuwa na mlango. Alimwiga katekista akipiga chafya, alimwiga mkuu wa mtaa akikagua choo, aliwaiga marehemu mbele ya wafiwa, na wafiwa walicheka kisha wakaenda kuungama. Mkewe, Fortunée, alicheka kuliko wote. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, na kelele zote za nyumba ile zilikuwa zao wawili: yeye akiiga, mke akishika mbavu na kumwomba aache, bukari, yaani ugali, ikiungua jikoni. Wanawake wenzake walimsikitikia, eti amepata mwanamume asiye na uzito. Fortunée aliwajibu kwamba waume zao wana uzito wa kutosha, wakae nao.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye mwanamume haruhusiwi kumfanyia mchezo, na kila mtu anayefahamu maana ya ukwe anamjua. Mama mkwe ni wa kupishwa njiani. Humtazami usoni, huli mbele yake, hukai kiti kimoja naye, na mkikutana sokoni unaangalia nyanya kana kwamba hujawahi kuona nyanya. Mama Berthe, mama yake Fortunée, mjane mwenye mabega mapana, alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, moulin, barabara ya pili, na alilinda heshima yake sawasawa na alivyoilinda mashine. Sasa, siku ya sikukuu ya parokia, watu wakiwa wameshiba munkoyo, kinywaji cha mahindi, mtu mmoja alimwambia Casimir, "Dantiste, tuonyeshe Mama Berthe akipanga foleni." Mtu mwenye akili angeangalia nyuma kwanza. Casimir alijifunga kitenge, akatoa makalio, akashika kiuno, akapita mbele ya watu akifoka na kukohoa kama ile mashine, vyote kwa pamoja. Ilikuwa kazi nzuri sana. Watu walianguka chini kwa kicheko, halafu kicheko kikazimika kutoka nyuma kuja mbele, na Casimir alipogeuka, makalio yakiwa bado nje, alikutana uso kwa uso na mama mkwe wake.

Mama Berthe alifunga kitambaa chake vizuri, akaondoka.

Jambo hilo lina dawa yake. Mwanamume hutuma mshenga na kuku mnono, huomba msamaha kwa kinywa cha mwingine, na mambo hukwisha. Casimir alituma mshenga, ndiyo. Lakini kuku aliyepatikana mwaka ule alikuwa mwembamba, miguu na manyoya tu, na Casimir akashindwa kujizuia. Alimwambia mshenga aseme, "Kuku hii haitafunwi, isagwe." Mshenga, ambaye naye hakuwa na akili nyingi, alisema hivyo hivyo. Jioni hiyo hiyo Fortunée alikunja nguo zake. Hakulia wala hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Casimir, siku utajua kusema kintu moja pasipo kucheka, utakuya kuniita." Akaenda kwa mama yake, na mdomo ukawa umekwisha kukiponza kichwa.

Mvua zikaanza, zikanyesha, zikakaribia kwisha. Casimir alipita barabara ya pili kila siku, akijifanya ana kazi huko. Fortunée akiwa mlangoni aliingia ndani. Usiku nyumba ilikuwa kimya mpaka alisikia mchwa.

Basi asubuhi moja mashine ya Mama Berthe ikaanza kutetemeka. Bolti moja ya kifuniko cha beringi ilikuwa imelegea ikadondoka. Mama Berthe, kwa sababu zinazojulikana, hakumwita mkwe wake. Alimwita Constantin, fundi wa baiskeli, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Mashine ile ilitoka Zambia, na watu wa Zambia walipimiwa vyuma vyao na Waingereza, kwa inchi. Bolti za Likasi zilitoka kwa Wabelgiji, kwa milimita. Kuna bolti ya milimita nane na kuna tundu la inchi ambalo linakaribiana nayo mno: bolti inaingia mizunguko miwili kwa furaha, halafu inakaza. Fundi anayejua anaitoa. Constantin alichukua bomba refu akalichomeka kwenye spana, akavuta kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Kichwa cha bolti kilimbakia mkononi.

Katika mji mwingine watu wangengoja. Lakini barabara ya pili ilikuwa na foleni ya wanawake wenye mabeseni ya mahindi, na kila beseni lilikuwa chakula cha nyumba nzima. Wengine walikuwa wameanza kutafuta vinu vya kutwangia, na vinu vyenyewe vilikuwa vimeshapasuliwa kuni. Mama Berthe alikaa juu ya gunia akafikiri. Kisha akamwambia Fortunée, "Mwite. Lakini sitamuona."

Hapo pakazuka shida ya pili. Mama Berthe hakuwa tayari kumwacha mtu yeyote peke yake na mashine, hata mkwe, na hasa huyo mkwe. Nyakati zile ukigeuka kupiga chafya, ukigeuka tena mota iko Kitwe, Zambia. Na kukaa chumba kimoja na mwanamume wa binti yake, tena ameinama, tena yule aliyemtolea makalio mbele ya parokia, haiwezekani. Ikaamuliwa kitenge kitundikwe katikati ya chumba. Kilikuwa kitenge cha mama wa Kikatoliki, chenye picha ya Bikira Maria kila baada ya hatua, na Casimir alipofika alikuta Mabikira wanne wanamtazama. Nyuma yao alisikia gunia likilia chini ya uzito wa mama mkwe. Penye ukingo wa kitenge, mahali pa kuona pande zote mbili, alisimama Fortunée.

"Fortunée," sauti ikasema nyuma ya kitenge, "ambia mukwe wangu: moulin iko na ugonjwa moja tu. Asinitafutie magonjwa ingine."

Fortunée akamgeukia mumewe. Macho yake yalitazama ukuta juu ya kichwa cha Casimir. "Mama anasema moulin iko na ugonjwa moja tu."

Casimir alikuwa amesikia, bila shaka. Wanawake wa foleni nje ya mlango walikuwa wamesikia. Lakini hakuwa amesemeshwa na mkewe tangu kabla ya mvua ya kwanza, na sasa alisemeshwa, tena kwa amri. Kitu fulani kikaamka kifuani mwake. Akainama kwenye beringi, akapuliza vumbi.

"Ambia mama," akasema, "boulon hii ni ya milimita, tundu ni ya inchi. Constantin aliwaoza pasipo kuuliza ku bukwe."

Nje wanawake wakacheka. Fortunée aliuma mdomo. "Mama, anasema boulon haikuwa yake."

"Nimesikia vile alisema. Minye siko kiziwi. Muulize kama itatoka."

"Mama anauliza kama itatoka."

"Ambia mama, itatoka. Lakini inaogopa. Iko na haya ya bukwe."

"Anasema itatoka," akasema Fortunée, na safari hii aliharakisha, kwa sababu sauti ilitaka kumponyoka.

Casimir aliona. Loo, aliona vizuri sana. Alifanya kazi asubuhi hiyo kwa unyenyekevu wa mtu aliyegundua dhahabu chini ya kitanda. Alimwaga mafuta ya taa, akauliza kupitia kwa mkewe kama mama anaruhusu harufu. Aliuliza kama mlango ufunguliwe zaidi. Aliuliza kama mama ana maoni kuhusu keekee. Kila swali lilikwenda na kurudi kwa kinywa cha Fortunée, na kila lilipopita liliacha kitu. Mara ya kwanza Fortunée alitazama ukuta, mara nyingine alitazama sanduku, na kuelekea mchana alimtazama mikono. Nje wanawake walipaza sauti, "Dantiste, jino inauma?" Naye akawajibu kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, familia isilie.

Na hapo, bila kuombwa, bolti ikatoka.

Ilitoka kirahisi, kwa aibu, ikazunguka kinyume na kumdondokea kiganjani. Casimir aliitazama. Alichungulia tundu: meno ya inchi yalikuwa mazima isipokuwa mawili ya juu, ya kusafishwa kwa taraud mara moja tu. Kifuniko kingefungwa kabla wanawake hawajamaliza kusengenya. Mashine ingenguruma, kitenge kingeshushwa, Fortunée angeingia ndani. Casimir aliwatazama Mabikira wanne mmoja mmoja. Kisha akavua kiatu cha kushoto, akaitia bolti ndani, akavaa kiatu.

"Ambia mama," akasema kwa huzuni, "jino inagoma. Nitarudi kesho."

Mama Berthe aliguna. Wanawake walilalamika, wakaondoka na mahindi yao. Casimir alikwenda nyumbani akitembea kwa mguu mmoja na nusu, akifurahi kama mwizi wa sukari.

Kesho yake alirudi mapema, amenyoa ndevu. Alianza kuzungusha taraud ndani ya tundu ambalo halikuhitaji zaidi ya mara moja, mbele nyuma, mbele nyuma, ili tu isikike kazi. Alikuwa na maswali mapya tayari. Je, mama alilala vizuri? Mama alilala. Je, Fortunée naye, yule mupelekaji wa maneno, alilala? Fortunée akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo haiko swali ya moulin."

"Iko," akasema Casimir. "Fundi lazima ajue hali ya muji."

Nyuma ya kitenge Mama Berthe akasema, "Ambia yeye, muji inalala na njala." Fortunée akageuka kumpasha mumewe, lakini alipomwona amekaa hapo na ndevu zake zilizonyolewa na uso wa malaika, kicheko kikamtoka. Kilikuwa kile chake cha zamani, cha kushika mbavu. Casimir alikisikia na mwili wake wote ukageuka upande huo, ukiwa na mikono, na mikono ikiwa na mpini wa taraud, na taraud ilikuwa imekwisha kufika chini kabisa ya tundu, haina pengine pa kwenda.

Tak.

Mlio mdogo sana. Mtu asiyefahamu angedhani ni mjusi. Casimir alibaki ameshika mpini wenye nusu ya taraud. Nusu nyingine ilikuwa ndani ya mashine ya mama mkwe wake.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini si kila siku anaingia kwa kichwa. Bolti ni chuma laini, unaweza kuitoboa. Taraud ni chuma kigumu kuliko keekee yoyote. Ikikatikia ndani, keekee inateleza juu yake na kuungua. Karakana zilipokuwa zinaishi, palikuwa na mitungi ya gesi ya kuipasha moto mpaka ilegee. Mitungi sasa ilikuwa Zambia. Nje foleni ilikuwa imefika pembe ya barabara. Kichekesho hakikuwepo tena: mashine iliyokuwa na ugonjwa mdogo, na ambayo Casimir mwenyewe alikuwa ameshaiponya, sasa alikuwa ameiua.

"Fortunée," sauti ikasema, "uliza mukwe wangu, ile mulio njo nini?"

Fortunée hakuuliza. Alikuwa anamtazama. Casimir alihisi uongo ukimjia mdomoni, mzuri, umevaa kabisa: bolti ya Constantin imepasuka ndani, Constantin aliiharibu kuliko tulivyodhani. Kila mtu angeamini. Constantin mwenyewe angeamini. Akamtazama mkewe, na mkewe akasogea hatua moja upande wa mumewe, akainamisha kichwa kwenye sikio lake.

"Minye nilijua," akanong'ona. "Tangu jana unachechemea."

Casimir aliganda. Kumbe alijua. Alijua jana jioni, alijua usiku, amekuja asubuhi hii akasimama tena penye ukingo wa kitenge, akabeba maswali yake ya kipuuzi moja baada ya jingine, wala hakumwambia mama yake. Casimir aliwaza jambo hilo kwa muda wa kuvuta pumzi, na roho ikamwuma kwa namna ambayo haijawahi kumwuma. Akavua kiatu. Akatoa bolti, akaiweka juu ya mashine, mahali pa kuonekana.

"Ambia mama," akasema, "boulon ilishatoka tangu jana. Ilitoka muzima. Hii nilivunja leo ni taraud yangu, na ni ujinga yangu. Constantin hana kosa ndani."

Fortunée akageukia kitenge. "Mama, anasema boulon ilishatoka tangu jana. Leo njo alivunja taraud."

Gunia lililia. "Na tangu jana alikuwa anafanya nini?"

"Mama anauliza ulikuwa unafanya nini."

Vichekesho vitatu vilimjia, kimoja kizuri sana. Alivisikia vikigombania mlango. Akavizuia, na ilimchukua nguvu zaidi ya bolti yoyote. "Nilikuwa ninachelewesha," akasema. "Ambia mama, kazi ikiisha, Fortunée hatasema na minye tena. Ku nyumba hakuna sauti. Ninapika bukari ya muntu moja, inanishinda kumaliza. Ninalomba pardon juu ya ile siku ya fête ya parokia, na juu ya ile neno ya kuku. Mama hakustahili. Na Fortunée hakustahili."

Ikawa zamu ya mpelekaji. "Anasema," Fortunée akaanza, "anasema alikuwa anachelewesha. Anasema kazi ikiisha, Fortunée..." Alipofika kwenye jina lake mwenyewe akakwama. "Mama, ulisikia."

"Minye sisikii maneno ya bukwe. Sema."

"Anasema Fortunée hatasema na yeye tena. Anasema hakuna sauti ku nyumba. Analomba pardon." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kwa mama na kwa... kwa Fortunée."

Kitenge hakikutikisika. Nyuma yake Mama Berthe akasema, "Ambia mukwe wangu atoe kwanza chuma yake mu moulin yangu. Bantu bako na njala."

Kazi iliyofuata Casimir hakuipamba kwa maneno, na waliokuwepo walisema ndiyo mara ya kwanza kumsikia akipumua tu. Aliagiza spoki za baiskeli kwa Constantin, naye Constantin, mtu mwema, akazileta mwenyewe mbio. Alizikata vipande vitatu, akavichonga ncha kwa tupa mpaka vikaingia katika ile mifereji mitatu ya taraud iliyozama. Wazo ni kuishika kwa ndani na kuizungusha, kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka ilegee. Ila vipande vile vinapenda kutoka vyote kwa pamoja, na mtu mmoja hana mikono ya kutosha.

"Ninahitaji mukono," akasema.

Fortunée akapita upande wake, akapiga magoti kwenye unga wa sakafuni. Akavibana vipande vitatu kwa vidole vyake, akavisukuma chini, na Casimir akavishika juu kwa koleo. Vilichomoka. Wakavirudisha. Vilichomoka tena, kimoja kikapinda, akachonga kingine. Mafuta ya taa yaliwatiririkia viganjani. Vichwa vyao vilikuwa karibu mno. Jua likapanda juu ya bati. Mara taraud ikasogea, upana wa unywele. Fortunée aliihisi kabla yake. "Iko inakuya," akasema, na hakumwambia mtu mwingine yeyote ila yeye.

Ilitoka kabla ya chakula cha mchana. Casimir alisafisha tundu kwa kitambaa, akatafuta katika kopo lake bolti ya inchi, ya kweli, akaikaza kwa mkono tu mpaka ikakaa, kisha kwa spana bila hasira. Umeme, kwa bahati, ulikuwepo. Mashine ikakohoa mara moja, ikanguruma, na wanawake wakapiga vigelegele na kuanza kugombania foleni.

Ndipo Mama Berthe akatoa hukumu, akipaza sauti juu ya mngurumo, na kitenge bado kikiwa mahali pake. "Fortunée, ambia mukwe wangu: alinitukana mbele ya bantu. Atalipa mbele ya bantu. Kuko beseni ya bunga pale, ni mushahara yake. Aibebe ku kichwa, sawa mwanamuke, apite barabara kubwa, mbele ya parokia, mpaka kwake. Ikimwangika, asirudi hapa." Akanyamaza kidogo. "Na weye Fortunée, hii neno haiko ya kupeleka. Hiyo ni yako. Weye haiko moulin yangu ya kulinda. Fanya vile roho yako inataka."

Fortunée aliinua beseni, akamtwika mumewe kichwani, akaingia ndani.

Casimir akatoka. Kubeba beseni kichwani ni kazi ambayo mtoto wa kike huianza akiwa mdogo na mwanamume hajaijua. Shingo yake ilikuwa ngumu kama mti, mikono yote miwili juu, kitako kimejitokeza chenyewe nyuma, bila kukusudia. Akigeuza kichwa tu, unga wote ungekuwa barabarani. Watu walitoka nyumba kwa nyumba. Wale wote aliowahi kuwaiga walikuwepo, katekista na mkuu wa mtaa, na hakuna aliyemhurumia. Walimwimbia. Mzee mmoja alimwiga kwa ustadi wa kushangaza. Unga ulimdondokea kwenye nyusi. Naye alitembea akitazama mbele, akiwasikiliza wote, akitafuta katikati ya kelele zile mlio wa ndara nyuma yake, na hakuusikia, kisha akadhani ameusikia, kisha hapana.

Karibu na parokia palikuwa na Madeleine, muuza makaa, mwanamke asiyenyamazia jambo. Alisimama akashika kiuno, akamtazama Casimir kutoka juu hadi chini, halafu akatazama nyuma yake.

"Eh, Fortunée!" akapaza sauti. "Siku hizi uko na mubebaji? Ulimutoa wapi?"

Casimir alisimama. Hakuweza kugeuka.

"Haiko mubebaji," sauti ikasema nyuma yake, karibu kabisa, huku ikihema kwa mwendo. "Ni bwana yangu."